Shahidi Asiye na Anwani

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani. Ukiiona kwenye ramani, mlaumu aliyeichora, usinilaumu mimi. Mimi ni karani tu, na karani haoni wala hasikii. Kazi yake kuandika.

Kwa miaka thelathini na mmoja nimekuwa Karani wa Viapo wa nchi hiyo. Kiongozi anapoapa, mimi ndiye ninayemshikia Kitabu, kisha namfungulia Daftari la Viapo ajaze safu nne kwa mkono wake. Ya kwanza ni jina lake. Ya pili ni neno analoliapia. Ya tatu ni shahidi, na hapo wote, tangu siku ya uhuru, wameandika jina moja: Mwenyezi Mungu. Safu ya nne tuliachiwa na wazee wetu, ambao hawakumwamini mtu mpaka ajivike kitanzi mwenyewe. Inaitwa Nikisema Uongo. Hapo anayeapa anaandika balaa analotaka limpate akidanganya, na sheria yetu inasema balaa hilo dola italitekeleza bila kulipunguza.

Viongozi wetu ni watu waangalifu. Katika safu ya nne nimesoma "nipatwe na mafua" na "nikose usingizi wa mchana", na Waziri wa Kilimo mmoja aliandika "nisitamani tena maembe". Hakuna aliyewahi kutekelezewa balaa lake, kwa sababu hakuna aliyewahi kudanganya. Hivyo ndivyo kumbukumbu zinavyosema, na kumbukumbu nimeziandika mimi.

Kisha akaja Mheshimiwa Ndimbo.

Ndimbo alikuwa Waziri wa Afya, mtu mwenye kifua kipana na suti za vifungo vya dhahabu. Aliipelekea hospitali yetu ya wilaya mitungi mia mbili ya oksijeni, akaenda mwenyewe kuikabidhi, na bendi ya shaba, na utepe, na hotuba ya saa mbili na nusu ambamo alilitaja neno "pumzi" mara sitini. Mitungi ilikuwa imepakwa rangi mpya na kila mmoja koki yake ilikuwa na lakiri, mhuri wa nta wa wizara. Wagonjwa waliamriwa watoke vitandani wapige makofi.

Wiki mbili baadaye aliletwa mtoto wa miaka saba, Riziki, mwenye homa ya mapafu. Muuguzi alimvika barakoa, akaiunganisha na mtungi namba 114, akafungua koki mpaka mwisho, hewa isitoke. Barakoa ilinunuliwa na wizara ileile, na ilibana vizuri sana. Muuguzi alipokimbia kutafuta mtungi mwingine, akakuta wa pili hivyohivyo, na wa tatu hivyohivyo. Mtoto alihangaika dakika kumi na moja mikononi mwa mama yake, kisha akatulia.

Mama yake anaitwa Sikudhani. Anauza gesi ya kupikia karibu na soko la samaki, na kila mtungi unaotoka dukani kwake huupima kwanza mbele ya mteja. Alimzika mwanawe Jumanne. Jumatano asubuhi aliingia hospitalini na mizani yake juu ya mkokoteni.

Kwa wasiojua, uzito wa mtungi mtupu huchongwa shingoni mwake kiwandani. Ukiupima ukakuta uzito uleule uliochongwa, ndani hamna kitu. Bi Sikudhani aliupima namba 114. Shingoni palichongwa kilo hamsini na mbili, na mizani ikasema hamsini na mbili. Wakubwa wa hospitali wakamwambia mtungi ule mwanawe ameumaliza. Hakubishana. Akapima mingine kumi na tisa iliyokuwa bado na lakiri. Yote ilikuwa mitupu kama ngoma.

Bungeni, Mheshimiwa Ndimbo alisimama akiwa ameumia sana moyoni, kwa ajili ya jina lake.

"Waheshimiwa, gesi haionekani!" alinguruma. "Haionekani kwa macho, haishikiki kwa mkono! Sasa huyu mama, muuza jiko, ameonaje kwamba haimo? Elimu hiyo ameipata chuo gani?"

Bunge lilipiga meza kwa dakika nne. Spika alipiga meza mpaka saa yake ikafunguka.

"Niletewe Kitabu!" akasema Ndimbo. "Niletewe Daftari! Nitaapa hapahapa!"

Nikapeleka. Aliapa kwamba mitungi yote mia mbili ilikuwa imejaa. Safu ya tatu aliandika Mwenyezi Mungu. Safu ya nne, kwa kuwa kamera zilikuwa zikimtazama, aliandika kwa herufi kubwa na kuisoma kwa sauti: "Kama hata mtungi mmoja ni mtupu, nipumue mimi kwa mtungi huohuo, mbele za watu, kwa muda aliohangaika marehemu." Mkono wake ulikuwa mkavu kabisa. Mimi nikapuliza wino ukauke. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, lakini wahenga hawakuwa wabunge, kwa hiyo hakuna aliyewakumbuka.

* * *

Bi Sikudhani akafungua shauri la kiapo cha uongo, la kwanza katika historia ya nchi. Ndimbo akamweka Wakili Msomi Kasubi, mtu anayeweza kumshawishi samaki kwamba maji ni uvumi.

"Mtukufu Jaji," alisema Kasubi, "hatubishani kuhusu mitungi. Tunauliza swali dogo. Shahidi wa kiapo hiki ni nani? Sheria ya Ushahidi inataka shahidi awe na jina kamili, awe na anwani, na aweze kuhojiwa. Shahidi aliyeandikwa hapa hajulikani anakaa kata gani. Hana kitambulisho. Kuwepo kwake hakujawahi kuthibitishwa na taasisi yoyote ya serikali. Kama hakuna shahidi, hakuna kiapo. Kama hakuna kiapo, hakuna uongo. Mteja wangu siku ile alikuwa anaongea tu."

Jaji Lukosi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alikuwa rafiki wa Ndimbo tangu shule, na alipenda sana kuonekana hana marafiki. Akaamuru iundwe Tume ya Kitaifa ya Kubaini Kisayansi na Kimantiki Kama Mungu Yupo, wajumbe saba, mwenyekiti yeye mwenyewe, siku kumi za kazi.

Asubuhi ya kwanza wajumbe wote saba waliapishwa. Nilishika Kitabu. Kila mmoja aliandika, safu ya tatu: Mwenyezi Mungu. Hakuna aliyeinua hata nyusi. Mimi niliona, lakini nimeshawaambia kwamba karani haoni.

Kwanza Tume ilimwita Mungu mwenyewe, kwa kuwa ndio utaratibu. Hati ya wito ilibandikwa kwenye milango ya misikiti na makanisa, nakala tatu, ikimtaka afike saa tatu kamili asubuhi bila kukosa, akiwa na nyaraka zake. Saa tatu ikafika. Tarishi akatoka ukumbini akaita jina mara tatu, upande wa mashariki na upande wa magharibi. Mjumbe mmoja alipendekeza asubiriwe hadi saa nne, kwa heshima ya cheo chake.

Halafu wakaja wenye dini. Sheikh Mwinyipembe na Askofu Gwandumi walikuja pamoja, kwa gari moja, jambo ambalo lenyewe lingeweza kuhesabiwa muujiza.

"Meza hii ina seremala," alisema Sheikh. "Kila kilichoanza kina aliyekianzisha. Ulimwengu nao ulianza. Mwanzilishi wake ni nani?"

"Ni hoja," alisema Mwenyekiti. "Mmeleta sampuli?"

"Sampuli ya nini, Mheshimiwa?"

"Ya huyo mwanzilishi."

Askofu akaeleza utaratibu wa nyota, jinsi jua lingesogea kidogo tu tungeungua, na lingerudi nyuma kidogo tungeganda. Afisa wa Viwango, mmoja wa wajumbe saba, aliandika kwamba umbali wa jua unaridhisha. Mjumbe mwingine akauliza, kama huyo Mungu ni mwema na ana nguvu, kwa nini kuna homa ya mapafu? Askofu alimtazama Bi Sikudhani aliyekaa benchi la mbele, akafunga kinywa. Namheshimu kwa hilo. Wengi wangejibu.

Profesa Kinunda wa fizikia aliletwa na Kasubi, akitarajiwa kummaliza Mungu kabla ya chai.

"Sijamwona kwenye chombo chochote," alisema Profesa.

"Kwa hiyo hayupo," alisema Kasubi.

"Sikusema hivyo. Chombo changu kinapima joto, uzito na mwendo. Hakipimi uadilifu, ndiyo maana sijakileta serikalini."

Walicheka watu wawili, kisha wakatazamana na kuacha.

"Profesa, jibu kwa ufupi. Kisichoonekana kinaweza kuthibitishwa?"

"Kila siku. Upepo hauonekani, unaona bendera. Tunafuata alama zake. Mama yule pale alithibitisha gesi kwa mizani, na mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu asingefanya vizuri zaidi. Lakini kwa Mungu mwaniuliza kama alama mnazoziona ni zake. Mmoja atasema ndiyo, mwingine hapana, na wote wawili wamesoma. Sayansi yangu inaishia mlangoni hapo, na mimi siingii nyumba ya mtu bila kukaribishwa."

Kasubi akaomba maneno hayo yote yafutwe, yabaki "sijamwona kwenye chombo chochote". Yakafutwa.

* * *

Siku ya tisa, wakati wa chai, nilimkuta Bi Sikudhani kwenye benchi la korido na kitumbua mkononi ambacho hakukila.

"Mama Riziki, kula basi."

"Karani, hawa watasema hayupo, sivyo?"

"Mimi sijui kitu, mama."

"Watasema." Akakitazama kitumbua. "Watu wanadhani nataka awepo ili nikamwone mwanangu peponi. Hilo nalo nalitaka. Lakini ninachokitaka kwanza ni aliyeona. Ndimbo alipoweka lakiri kwenye mitungi mitupu, hakukuwa na mtu. Muuguzi hakuwepo, mimi sikuwepo. Kama juu hakuna aliyeona, basi jambo lile limekuwa kama halikutokea. Mimi siwezi kuishi hivyo. Nitashikwa na wazimu. Nataka awepo, karani, awepo na awe na hasira kuliko mimi."

Mimi nilishika Kitabu kile. Kwa miaka thelathini na mmoja nimeshikia waongo Kitabu, nikawapulizia wino ukauke, nikawaambia hongera Mheshimiwa. Nilisikia hasira ikinipanda kama maziwa motoni, na kwa mara ya kwanza sikuepua.

Kwa bahati mbaya, siku hiyo nilikuwa nimelitoa Daftari la Viapo nje kulipangusa vumbi. Kwa bahati mbaya zaidi, nililisahau pale benchini, karibu na kitumbua, likiwa wazi kwenye ukurasa wa kwanza. Uzee huo. Niliporudi baada ya nusu saa, kitumbua kilikuwa kimeliwa chote.

* * *

Siku ya kumi Jaji Lukosi alisoma uamuzi. Kurasa tisini. Mwisho wake ulisema kwamba Mungu, baada ya kuitwa kihalali na kushindwa kufika, na kwa kuwa hakuna sampuli iliyowasilishwa, hajathibitishwa kwa vipimo vya taifa. Hivyo kiapo cha Mheshimiwa Ndimbo hakikuwa na shahidi na hakikuwa kiapo. Wapambe walishangilia. Ndimbo alimkumbatia Kasubi, kisha akamwendea Bi Sikudhani na kumpa mkono mbele ya kamera.

Bi Sikudhani hakuupokea. Akasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kuuliza."

"Uliza, mama, lakini shauri limekwisha."

"Katiba inasema hakuna atakayekalia kiti bila kiapo. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na wakili amesema hakuna kiapo bila shahidi."

"Na Tume imekubali."

"Basi nimesoma Daftari. Rais wetu Mtukufu, shahidi wake ni huyohuyo. Spika, huyohuyo. Mkuu wa Majeshi, huyohuyo. Wewe mwenyewe ulipoapishwa ujaji, huyohuyo. Ninyi saba mlipoapa wiki iliyopita, huyohuyo. Kama hayupo, sasa hivi nchi hii haina Rais, na wewe si jaji, na hii si Tume. Ninyi ni wanaume saba mmekaa kwenye ukumbi wa watu. Na kama si Tume, basi hamkuamua kitu, na shauri langu liko palepale."

Profesa Kinunda alianza kucheka peke yake, taratibu, mpaka akatoa leso. Mkuu wa Polisi, aliyekuwa mlangoni, alizitazama nyota za mabegani mwake kana kwamba ameziona kwa mara ya kwanza. Askari mmoja aliacha kumpigia saluti.

Simu ya Mwenyekiti ikalia. Alisikiliza akiwa amesimama wima, akasema "ndiyo Mtukufu" mara kumi na mbili, akatangaza mapumziko ya dakika tano. Baada ya dakika tatu Tume ilirejea na uamuzi wa nusu ukurasa: kwa kura saba kwa sifuri, Mungu yupo. Kuwepo kwake kumethibitishwa kisayansi na kimantiki, na kutahesabiwa kuanzia siku ya uhuru. Afisa wa Viwango akagonga mhuri.

Sitaficha, nilifurahi. Nilifurahi mpaka meno yakaniuma.

"Mungu yupo," akasema Kasubi haraka, jasho likimtoka, "na tunamshukuru. Na mitungi imejaa!"

"Vizuri," alisema Bi Sikudhani. "Basi safu ya nne."

Jaji Lukosi akamtazama rafiki yake wa shule. Kisha akatazama kiti chake, cha ngozi, kilichokuwa kimemrudia dakika mbili zilizopita. Akaagiza mtungi namba 114 uletwe Alhamisi, saa nne asubuhi.

* * *

Alhamisi ukumbi ulifurika. Wizara ilileta mtungi kwa ulinzi mkali, umeandikwa 114 ubavuni. Ndimbo aliingia akitabasamu na kupunga mkono.

Bi Sikudhani aliushusha mtungi kwenye mizani yake. Akasoma. Akasugua ile namba kwa kidole, kidole kikatoka na rangi nyeupe.

"Shingoni hamsini na mbili, mizani inasema sitini. Huu umejaa," alisema. "Na rangi mbichi. Mheshimiwa, kama mitungi yote ilikuwa imejaa, kwa nini mmeubadilisha?"

Wakili Msomi Kasubi akatazama saa yake ya mkononi. Akakusanya mafaili yake, akasema ana dharura nyumbani.

Mtungi wenyewe ukaletwa kutoka wodi namba tatu. Ulipimwa mbele ya wote: hamsini na mbili. Ikaletwa barakoa ya wizara. Ndimbo akaishika kama mtu aliyeshikishwa nyoka.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo ambayo Bunge halijawahi kuisikia, "mama, mimi pia ni mzazi."

"Vaa, Mheshimiwa. Gesi haionekani. Wewe amini tu."

Akavaa. Polisi wakaikaza mikanda. Mimi nilishika saa. Kwenye sekunde ya kumi alikuwa bado anajaribu kutabasamu. Kwenye ya ishirini na tano vifungo vya dhahabu vilianza kucheza kifuani. Kwenye ya hamsini aliing'oa barakoa kwa mikono yote miwili, akaanguka magoti, akapiga kelele: "Mtupu! Mtupu jamani, nakufa!"

Nikaandika: "Mtupu. Mtupu jamani. Nakufa."

"Sekunde hamsini," alisema Bi Sikudhani. Hakupaza sauti. "Mwanangu alikaa dakika kumi na moja, na yeye hakuweza kuivua."

Nikamfungulia Daftari, na Ndimbo akaandika kila kitu palepale sakafuni: kwamba mitungi haikujazwa hata siku moja, kwamba alijua, kwamba lakiri aliziweka yeye. Nilipomuuliza jina la marehemu, alilazimika kumuuliza Bi Sikudhani. Alipofika safu ya tatu nikamzuia mkono, nikamtazama Bi Sikudhani.

"Hapo andika mimi," akasema. "Sikudhani, duka la gesi, soko la samaki. Anwani ninayo."

Ikabaki sheria, ambayo hairuhusu balaa kupunguzwa. Dakika kumi na sekunde kumi zilikuwa bado. Tume, inayopenda sana viti vyake, ikaamua Ndimbo, ambaye sasa ni mfungwa, azimalize kwa awamu: kila Alhamisi analetwa wodi namba tatu, mbele ya wazazi wenye watoto, anavaa barakoa mpaka ashindwe. Mwenye kuhesabu sekunde ni Karani wa Viapo. Saa yangu ni ya zamani, na siku za Alhamisi huwa inachelewa. Sijui kwa nini.

Alhamisi ya tatu alikuja Askofu Gwandumi. Alimtazama Ndimbo akitapatapa kwenye mikanda, akamsogelea Bi Sikudhani.

"Mwanangu, yatosha. Mungu ni mwingi wa rehema."

"Najua, baba," akasema. "Yeye anazo nyingi. Mimi nilikuwa na Riziki mmoja."

Kisha akanigeukia. "Karani, saa yako inasemaje?"

Nikaitazama. Nikamwambia bado.